Kupiga Windows upya bila kupoteza leseni yako: maswali ninayoulizwa kila siku hapa Lubumbashi

Karibu kila asubuhi mtu ananiwekea kompyuta mezani na kusema maneno mawili tu: "Fundi, fomati." Kabla sijaigusa ninamuuliza leseni yake ya Windows ni ya aina gani, na wengi hunyamaza. Wamezoea kuona Windows ni kitu kinachokaa kwenye flashi ya fundi: anaichomeka, anaiweka, anaivunja kwa programu ya wizi, basi. Kumbe nyingi ya kompyuta zinazopita mikononi mwangu zilikwisha kulipiwa leseni tangu kiwandani. Mwenyewe ana haki yake mkononi na hajui, halafu mtu anakuja kuifunika na kitu cha wizi na kumtoza pesa kwa kazi hiyo. Jambo hili linaniuma, ndiyo maana nimeandika majibu haya kwa urefu.

Nikifomati, leseni inafutika pamoja na vitu vingine?

Mara nyingi hapana. Unachofuta ni diski. Kompyuta iliyotoka kiwandani na Windows 8, 10 au 11 haiweki leseni yake kwenye diski: ufunguo wa herufi 25 umeandikwa ndani ya chipu ya ubao mama (kile kibao kikuu kinachobeba vipande vyote), palepale inapokaa BIOS, programu ndogo inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows. Utaratibu huo ulianza na Windows 8 mwaka 2012. Badilisha diski, ongeza RAM, futa kila kitu, ufunguo utabaki pale, na Windows ya aina ileile ikirudishwa itausoma yenyewe bila kukuuliza neno.

Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 ilikuja na njia nyingine, leseni ya kidijitali. Hapo seva za Microsoft zinaitambua kompyuta yako kwa vipande vyake, hasa ubao mama. Ukirudisha toleo lilelile na kuunganisha intaneti, inakubali. Ndiyo maana kompyuta ya zamani yenye stika ya Windows 7, ikiwa iliwahi kupandishwa kihalali hadi Windows 10, unaweza kuifomati leo na ikakubali bila ufunguo wowote. Ila kama haikuwahi kupandishwa, umechelewa: tangu Septemba 2023 Microsoft haipokei tena ufunguo wa Windows 7 au 8 kwa ajili ya kuamilisha Windows 10 au 11, yaani kuifanya ikubali leseni.

Nitajuaje nina leseni gani kabla ya kufuta?

Hili ndilo swali ambalo ningetaka kila mtu aniulize la kwanza. Kompyuta ikiwa bado inawaka, fanya kazi hii ya dakika tano, na uandike majibu kwenye karatasi, si kwenye kompyuta hiyohiyo.

Kwenye Windows 11 ingia Paramètres, halafu Système, halafu Activation; kwenye Windows 10 ni Paramètres, halafu Mise à jour et sécurité, halafu Activation. (Ninataja majina ya Kifaransa kwa sababu ndiyo yaliyo kwenye kompyuta nyingi za hapa kwetu.) Utaona toleo lako, kama ni Home au Pro, na kama leseni imekubaliwa. Andika toleo hilo hasa. Kisha fungua dirisha la amri (Invite de commandes) na uandike slmgr /dli. Kitatokea kisanduku kidogo, na ndani yake kuna neno moja lenye thamani kubwa. Ukiona OEM_DM, leseni yako ilikuja na kompyuta na imo kwenye ubao mama. Ukiona RETAIL, ama ni leseni iliyonunuliwa peke yake, ama ni leseni ya kidijitali. Ukiona VOLUME, leseni hiyo ni ya kampuni au taasisi, au kuna mtu alikuvunjia. Amri ya pili ni slmgr /xpr: inakuambia kama leseni ni ya kudumu au ina tarehe ya mwisho. Leseni ya Windows ya nyumbani haina tarehe ya mwisho. Ukioneshwa tarehe, leseni hiyo si yako.

Kuusoma ufunguo ulio ndani ya ubao mama, fungua PowerShell, dirisha jingine la kuandikia amri, uandike:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Zikitokea herufi 25, ziandike. Pakiwa patupu, kompyuta haikubeba ufunguo kutoka kiwandani, au ni ya kabla ya Windows 8.

Kuna mtego mmoja hapa. Kisanduku cha slmgr /dli kinaonesha herufi tano za mwisho za ufunguo. Zikiwa 3V66T au 8HVX7, usijisumbue kuutafuta wote ukidhani ni wako. Hizo ni funguo za jumla ambazo Windows inajiwekea kwenye mamilioni ya kompyuta zenye leseni ya kidijitali. Leseni yako halisi iko kwenye seva, na kinachotakiwa ni kurudisha toleo lilelile tu, yaani Pro kwa 3V66T na Home kwa 8HVX7.

Stika ya chini ya laptopu imefutika. Nitausomaje ufunguo?

Stika hizo ni za Windows 7 kwenda nyuma. Windows 8 ilipokuja, ufunguo uliondolewa kwenye stika. Zimesuguliwa na mapaja na meza kwa miaka mingi. Zima taa ya chumba, washa tochi ya simu, uiegemeze pembeni kabisa ili mwanga upite juu ya stika ukiwa umelala. Alama zilizobonyea zitaonekana kama makovu. Angalia pia chini ya betri, viwanda vingine viliibandika huko ili isisuguliwe.

Halafu jua hili, litakuokolea muda: funguo za Windows hazitumii herufi zote. Hamna A, E, I, O, U, L, S wala Z. Hamna 0, 1 wala 5. Kwa hiyo usibishane na nafsi yako kama ni O au sifuri, haiwezi kuwa yoyote kati ya hizo. Wasiwasi unaobaki ni kati ya B na 8, au G na 6.

Ujuzi huo unasaidia na jambo jingine la hapa kwetu. Kompyuta zilizotoka Ubelgiji na Ufaransa zina kibodi ya AZERTY. Zilizopitia Dubai, au zilizopandishwa kutoka Afrika Kusini kupitia Kasumbalesa, zina QWERTY. Wakati wa kuweka Windows ukichagua kibodi isiyolingana na vidole vyako, utabonyeza Q na itaandikwa A, utabonyeza W na itaandikwa Z. Ukiona A au Z kwenye sanduku la ufunguo, usilaumu ufunguo. Rudi nyuma, badilisha kibodi, andika tena.

Nina ufunguo halali lakini Windows inaukataa. Kwa nini?

Kila mara ninaangalia toleo kwanza. Ufunguo wa Home hauamilishi Pro, na wa Pro haulali kwenye Home kimyakimya: unaibadilisha kuwa Pro. Kuna na matoleo yenye herufi N mwishoni, yaliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya bila kicheza muziki na video cha Microsoft, nayo yanahesabiwa mbali.

Mama mmoja mwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi huko Kenya (ninasema komini ya Kenya, hapa mjini) aliniletea laptopu iliyokuwa imefomatiwa mara tatu kwa mwaka mmoja. Kila baada ya miezi michache maandishi yaleyale ya kijivu yalirudi pembeni ya skrini, yakimtaka aamilishe Windows, naye alirudi kwa aliyemfomatia na kulipa tena. Nilipoandika ile amri ya PowerShell, ufunguo ulijitokeza wote, herufi 25. Kompyuta ilinunuliwa na Home halali. Aliyemhudumia alikuwa na flashi ya Pro tu, akaweka Pro kila mara na kuivunja. Tulirudisha Home, tukaunganisha intaneti ya simu, na kabla chai haijapoa Windows ilikuwa imekubali. Mama yule aliniuliza: "Kwa hiyo nilikuwa ninalipia kitu changu mwenyewe?" Ndiyo, mama. Tangu siku ile sianzi kazi bila kuandika amri hiyo.

Kinyume chake: nimenunua Pro, lakini nikifomati inajiwekea Home bila kuniuliza.

Ni kwa sababu kisakinishi, yaani programu inayoweka Windows, kinasoma ufunguo wa Home ulio kwenye ubao mama na kuamua peke yake. Njia rahisi ni kuiacha iweke Home, kisha uende kwenye Activation na kuandika ufunguo wako wa Pro. Itabadilika bila kufuta kitu. Wanaopenda kuulizwa tangu mwanzo wanaweza kuweka kwenye flashi, ndani ya folda ya sources, faili la maandishi liitwalo ei.cfg lenye mistari miwili: wa kwanza [Channel], wa pili Retail.

Laptopu niliyonunua ilishatumika Ulaya. Ilikuwa imekubali leseni, sasa baada ya kufomati inadai. Nimeibiwa?

Huenda muuzaji hakukudanganya. Kompyuta za kampuni kubwa huwa na leseni ya jumla (ile ya VOLUME), ambayo inajisajili kwa seva iliyo ndani ya kampuni na kudumu siku 180, halafu inajisajili tena. Kompyuta ikitoka kwenye kampuni, leseni hiyo haiondoki nayo. Inaendelea kuonesha kwamba iko sawa mpaka siku zile ziishe, au mpaka ufomati.

Lakini usikate tamaa upesi, maana leseni ya jumla huwekwa juu ya leseni ya kiwandani. Soma ufunguo wa ubao mama kama nilivyoeleza. Mara nyingi chini ya ile ya kampuni utakuta Pro ya kiwandani, nzima kabisa, inakungoja.

Baada ya kufomati inanikaribisha kwa jina la kampuni nisiyoijua na kutaka anwani ya barua pepe ya kazini. Nifanyeje?

Hili ni zito kuliko leseni. Kampuni iliyokuwa na kompyuta hiyo iliisajili kwenye huduma iitwayo Autopilot, na haikuiondoa ilipoiuza. Alama za vipande vya kompyuta ziko kwenye seva, kwa hiyo hata uifomati mara kumi au ununue diski mpya, ikigusa intaneti wakati wa kuanza itatoa skrini ileile. Anayeweza kuifungua kihalali ni kampuni yenyewe. Muuzaji mwaminifu anaweza kuwaandikia akiwapa namba ya kompyuta, na wapo waliofunguliwa hivyo. Inaweza pia kuwa kompyuta iliibiwa.

Kwa hiyo ukiwa dukani, kabla ya kutoa pesa, omba muuzaji airudishe kwenye hali ya kiwandani mbele yako, na wewe uiunganishe kwenye intaneti ya simu yako. Ngoja skrini za mwanzo zipite zote. Muuzaji akikataa, au akikuambia "usiiunganishe kwanza intaneti", mshukuru na uende duka jingine. Angalia pia kama BIOS ina neno la siri. Hilo nalo ni taabu nyingine.

Ninaweza kuhamisha leseni kutoka kompyuta iliyokufa kwenda mpya?

Iliyokuja na kompyuta, hapana. Masharti ya Microsoft yanaifunga kwa kompyuta ile, na inakufa nayo. Iliyonunuliwa peke yake, yaani RETAIL, inahamishika, ila ikae kwenye kompyuta moja tu kwa wakati mmoja. Kama ya zamani bado inawaka, toa ufunguo kwanza kwa amri slmgr /upk.

Na nikibadilisha ubao mama?

Kwa Windows hiyo ni kompyuta mpya. Leseni ya kiwandani haitarudi, isipokuwa ubao umebadilishwa na mtengenezaji mwenyewe chini ya dhamana. Leseni iliyonunuliwa peke yake inaweza kurudi ikiwa uliiunganisha na akaunti yako ya Microsoft kabla ya ubao kuungua: unaingia Activation, unafungua kitatuzi cha matatizo, na kusema umebadilisha kifaa hivi karibuni. Kuunganisha baada ya kuungua haiwezekani, kwa hiyo kama unayo leseni ya namna hiyo, iunganishe leo.

Kuna kitu gani ninaweza kupoteza kisirudi kabisa?

Data yako, na siku hizi zaidi ya zamani. Hapa ninaomba usome polepole.

Kompyuta nyingi mpya zinafunga diski kwa BitLocker au kwa ndugu yake wa toleo la Home, bila kukuuliza. Kuanzia toleo la 24H2 la Windows 11, ukiiweka upya na kuingia kwa akaunti ya Microsoft, diski inajifunga yenyewe. Ni ulinzi mzuri, mwizi wa kompyuta hawezi kusoma vitu vyako. Lakini ukibadilisha kitu kwenye BIOS, au Windows ikigoma kuwaka, au ukihamishia diski kwenye kompyuta nyingine ili uokoe mafaili, inadai ufunguo wa tarakimu 48. Usipokuwa nao, hakuna fundi Lubumbashi wala Marekani atakayeifungua.

Ufunguo huo unahifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuwasha kompyuta mara ya kwanza. Akaunti ya nani? Hapo ndipo penye kilio. Kijana mmoja wa chuo alinijia na laptopu isiyowaka, TFC yake yote, ile kazi ya kumalizia masomo, ikiwa ndani, siku chache kabla ya kuiwasilisha. Diski ilikuwa nzima. Niliichomoa, nikaichomeka kwenye yangu, ikadai tarakimu 48. Akaunti ilikuwa imefunguliwa na muuzaji, kwa anwani aliyoitunga palepale dukani ili kompyuta ionekane iko tayari. Tulimpata kwa simu. Hakukumbuka anwani wala neno la siri, na namba ya simu aliyoitumia ilikuwa imekufa. Yule kijana alikaa kwenye benchi langu muda mrefu bila kusema. Alichookoa ni sura mbili za kwanza, kwa sababu aliwahi kumtumia mwelekezi wake kwa barua pepe.

Kwa hiyo: ukinunua kompyuta, fungua akaunti yako mwenyewe, kwa namba yako mwenyewe. Andika manage-bde -status kwenye dirisha la amri lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi, uone kama diski imefungwa. Ikiwa imefungwa, andika manage-bde -protectors -get C: na tarakimu 48 zitatokea. Ziandike kwenye daftari, daftari likae nyumbani. Na kabla ya kufomati, nakili vitu vyako kwenye diski ya nje, kisha fungua mafaili mawili au matatu kutoka kwenye hiyo diski ya nje uone kama yanafunguka. Kuona majina yake hakutoshi.

Na programu nyingine zenye leseni?

Nyingi zinahesabu kompyuta. Ukifomati bila kuaga, kiti chako kinabaki kimekaliwa na kompyuta ambayo haipo tena. Programu za Adobe zinakubali kuingia kwenye kompyuta mbili. Ya tatu inakutaka utoke kwenye moja. Microsoft 365 inakubali vifaa vitano kwa wakati mmoja. Programu za hesabu, na zile za wanajiolojia na wachoraji wa migodi, ndizo kali zaidi: fungua kila moja, tafuta sehemu ya leseni, na uiondoe kabla ya kufuta. Mwenye Office iliyokuja na kompyuta ahakikishe anajua imeunganishwa na akaunti ipi. Kivinjari chako nacho kina maneno ya siri, yahifadhi.

Imekuja kwa Kiingereza na haikubali kubadilika kuwa Kifaransa.

Toleo lako ni Home Single Language, linalowekwa kwenye kompyuta zinazouzwa katika baadhi ya masoko. Linaruhusu lugha moja. Ukilipiga upya kwa flashi ya Kifaransa, litakaa kwa Kifaransa, na ufunguo wa ubao mama utalikubali.

Ninapata wapi Windows safi, na inakula mega kiasi gani?

Kwenye tovuti ya Microsoft, bure kabisa. Unacholipia ni leseni. Faili la kusakinisha si siri. Lina zaidi ya gigabaiti 5, na flashi iwe ya 8 au zaidi. Najua gigabaiti 5 ni pesa, kwa hiyo watu hukopeshana. Hakuna ubaya, lakini hakikisha faili halikuchezewa. Kwa kila faili la ISO (ndilo hilo la kusakinisha) Microsoft inatoa alama ya SHA-256, mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika faili likiguswa. Andika certutil -hashfile, jina la faili, halafu SHA256, na ulinganishe na alama ya tovuti. Herufi moja ikitofautiana, lifute. Flashi zinazouzwa barabarani zenye "Windows iliyokwisha kuamilishwa" siziweki kwenye kompyuta ya mtu yeyote.

Umeme ukikatika katikati?

Ukiwa unaweka kwa flashi, kwa kawaida unaanza upya tu. Ukiwa unatumia ile njia ya kujirudisha yenyewe bila flashi, inaweza kukwama nusu njia, kwa hiyo kwa mtaa wenye umeme wa kukatikakatika ninapendelea flashi. Betri ya laptopu ijae kwanza. Kusasisha BIOS kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba, usithubutu.

Kisakinishi hakioni diski. Imekufa?

Kama kompyuta ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 11 au zaidi, pengine haijafa. Windows haina draiva, yaani programu ndogo ya kuiwezesha kuiona. Pakua draiva ya Intel RST kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta, ifungue, iweke kwenye flashi, na kwenye ile skrini tupu bonyeza sehemu ya kupakia draiva.

Windows 10 imekwisha. Kompyuta yangu haikubali Windows 11. Niitupe?

Usiitupe. Ni kweli Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwaka), RAM ya gigabaiti 4 na prosesa ambazo kwa Intel huanzia kizazi cha 8, na kompyuta nyingi nzuri za hapa mjini hazifiki hapo. Kwa mtu wa kawaida kuna nyongeza ya masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Lazima uwe na toleo la 22H2 na akaunti ya Microsoft. Unaweza kuipata bila kulipa ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti hiyo, au ulipe dola 30. Ujanja wa kulazimisha Windows 11 kwenye kompyuta isiyostahili upo, lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa kompyuta hizo, na mimi siwawekei watu wanaotegemea kompyuta kwa kazi.

Mbona tusitumie Linux basi?

Ninafurahi kila mara mtu anapouliza. Linux ni mfumo unaokaa mahali pa Windows, na Linux Mint na Ubuntu ni aina zake. Hazina ufunguo, hazihesabu kompyuta, hazidai kitu ukibadilisha ubao mama. Leseni zake zinakuruhusu kunakili, kugawa, kuwawekea watoto wa mtaa mzima. Ubuntu ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lenyewe tunalielewa bila kamusi: ni utu. Mint inakwenda vizuri kwenye RAM ya gigabaiti 4, na LibreOffice, ya kuandikia na kupigia hesabu, iko ndani, bure.

Lakini sitakuficha. Kama ofisi yako inaishi kwa faili za Excel zenye makro, au kwa programu ya hesabu ya Windows, utahangaika. Ijaribu kwanza kutoka kwenye flashi bila kufuta kitu: angalia WiFi, sauti, na hasa printa yako. Kwa anayeandika, anayesoma, anayetumia intaneti, mimi ninaona ni bora mara nyingi kuliko Windows ya wizi.

Ufunguo wa dola chache kwenye mtandao, au programu ya kuvunja, vina ubaya gani ikiwa vinafanya kazi?

Windows 11 Home kwa Microsoft inauzwa dola 139 Marekani. Ninajua dola hizo ni nini kwa familia ya Katuba au Ruashi, na simhukumu mtu. Lakini ufunguo wa dola chache mara nyingi umechukuliwa kwenye fungu la leseni za kampuni. Unakubali leo, na siku Microsoft ikiufunga huna wa kumlalamikia. Programu ya kuvunja nayo inakutaka kwanza uzime kinga ya virusi, kisha uipe mamlaka yote. Umemfungulia mgeni usiyemjua, usiku, na kumpa funguo za kila chumba. Nimekuta humo programu zinazonasa maneno ya siri ya barua pepe.

Afadhali Windows isiyoamilishwa kabisa. Inafanya kazi, inapokea masasisho ya usalama. Utavumilia maandishi ya kijivu pembeni na kutoweza kubadilisha picha ya nyuma, mpaka siku utakapopata uwezo. Kimasharti inatakiwa iwe na leseni, sikudanganyi, lakini angalau hakuna mgeni ndani.

Na Mac?

macOS haiuzwi ufunguo. Inakwenda na kompyuta ya Apple, na masharti yake hayairuhusu kwenye kompyuta nyingine. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: ametoka kwenye akaunti yake ya iCloud? Asipotoka, ukiifuta itajifunga.

Nikija, nije na nini?

Chaja yako, diski ya nje yenye nafasi, anwani ya barua pepe na neno la siri unalolikumbuka kweli, simu yenye namba ile iliyofungulia akaunti, na karatasi ya ununuzi kama ipo. Ukiondoka nitakupa karatasi yenye toleo la Windows, aina ya leseni, ufunguo wa ubao mama kama upo, na tarakimu 48 kama diski imefungwa. Usiniachie nakala, hiyo ni ya kwako.